Uliza Ujibiwe: Katamarani ya siku moja, kila kitu kimelipiwa

*Sisi ni kikundi cha akiba cha akina mama 18. Tumeona tangazo la katamarani (boti ya mashua mbili zilizounganishwa) kutoka Entebbe hadi Visiwa vya Ssese, kwenda na kurudi siku moja, "kila kitu ndani ya bei". Tuulize nini kabla ya kutoa pesa?*
— Mweka hazina, Kansanga

Dada mweka hazina, anza na saa. Chakula kitafuata.

Ssese ni visiwa 84, na kutoka kimoja hadi kingine tofauti ya safari inaweza kuwa saa kadhaa. Kivuko cha MV Kalangala, ambacho kinaendeshwa na injini, huchukua takriban saa 3 na nusu kutoka Nakiwogo, pale Entebbe, hadi Lutoboka katika kisiwa cha Bugala. Katamarani inayotumia matanga huenda maili 5 hadi 7 za majini kwa saa, yaani kilomita 9 hadi 13, tena upepo ukiwa umekubali. Mkiambiwa mnakwenda Bugala na kurudi siku hiyohiyo, jueni mtashinda majini na ufukwe mtaukanyaga tu kisha mgeuze. Kwa siku moja tafuteni kisiwa kisichozidi kilomita 25. Kipimo kizuri ni kisiwa cha Ngamba, chenye hifadhi ya sokwe iliyoanzishwa 1998: kiko kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, kwa hiyo ni saa 2 au 2 na nusu kwa tanga. (Ngamba kwenyewe watu huenda kutazama sokwe wakilishwa kwa saa maalumu. Si mahali pa kwenda kupiga muziki.)

Halafu kuna upepo. Upande wetu wa ziwa, upepo wa mchana kwa kawaida hutoka kusini au kusini-mashariki, na visiwa vyenyewe viko kusini. Kwa hiyo wakati wa kwenda chombo kinaweza kuukabili upepo uso kwa uso. Hapo nahodha ama atapiga bisha, aende kwa kukata kushoto na kulia na safari irefuke karibu nusu yake, ama ashushe tanga awashe mashine. Waandaaji wengi huwasha mashine, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale mnapogundua katikati ya safari kwamba petroli haikuwa ndani ya bei. Kurudi huwa rahisi zaidi kwa sababu upepo unawasukuma mgongoni.

Ratiba inayotekelezeka ni hii: kung'oa nanga saa 2:30 asubuhi, kufika kabla ya saa 5, kuondoka kisiwani saa 8:30 mchana, kuwa Entebbe saa 11 jioni. Jua letu huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 mwaka mzima, na baada ya hapo ziwa hubadilika. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na radi huanza. Dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku hadi alfajiri. Nahodha anayewaahidi kubaki kisiwani ili mpige picha jua likizama anawauzia giza. Vivyo hivyo asubuhi: mkikuta wingu zito limekaa juu ya maji, subirini liishe, hata kama wapishi wamekwisha kupakia. Mlingoti wa katamarani ndio kitu kirefu kuliko vyote pale majini.

Sasa hiyo "kila kitu". Ombeni orodha iliyoandikwa, na mtafute ndani yake vitu ambavyo husahaulika kwa makusudi: usafiri wa kutoka Kampala hadi gatini, ada ya kutua kisiwani, mtumbwi wa kuwashusha ufukweni ikiwa hakuna gati, maji ya kunywa, na choo. Kwenye vinywaji waseme aina na idadi. "Vinywaji vipo" inaweza kuwa na maana ya soda moja kwa kila mtu, kisha baa ya kulipia. Malipo ya awali yatumeni kwa namba ya biashara, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lifanane na lile la kwenye risiti. Likitokea jina la mtu binafsi, simamisheni.

Lililo kubwa ni uzito. Katamarani ni boti yenye mashua mbili nyembamba zilizounganishwa na jukwaa juu. Upana huo ndio unaoifanya isiyumbe sana, na ndio unaowadanganya watu kwamba haiwezi kupinduka. Mashua nyembamba huzama haraka inapoongezwa mzigo. Jukwaa likishuka karibu na maji, kila wimbi hulipiga kwa chini, usukani unakuwa mzito, na maji yanaanza kuingia kwa nyuma. Ninyi 18 kwa wastani wa kilo 70 ni kilo 1,260. Ongezeni mabaharia, kreti za soda, makaa, jenereta na spika. Ulizeni idadi ya watu iliyoandikwa kwenye leseni ya chombo, kisha mhesabu vichwa wenyewe pale gatini, watoto na wapiga muziki wakiwemo. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iliyojaza watu kupita kiasi ilizama upande wa Mukono, zaidi ya watu 30 wakafa, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi ya kuokolea. Haikuwa mbali na nchi kavu.

Orodha ya majina ya abiria na namba za simu za ndugu zao ibaki kwa mtu aliye nchi kavu, pamoja na saa mnayotarajiwa kurudi. Mwandaaji akikataa kuonyesha leseni au akasema orodha haina haja, tafuteni mwingine. Pesa ya chama si ya kujaribia.

*Nina watoto wa miaka 3 na 7. Nitajuaje kama majaketi ya kuokolea ni mazima na si ya kuonyesha askari tu?*
— Mama wawili, Jinja

Mvalishe mtoto, funga kila mkanda, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu kwa nguvu. Likipanda hadi kidevuni au masikioni, ni kubwa. Akitumbukia atateleza na kutoka kwa chini. La mtoto wa miaka 3 ni lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu na ukosi mpana nyuma ya kichwa, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kizito kulingana na mwili wake na humgeuza kifudifudi. Chagua kwa kilo zilizoandikwa kwenye lebo ya ndani, umri hauna maana hapa.

Soma pia nguvu ya kuelea, ambayo huandikwa kwa nyutoni. 50 ni msaada kwa anayejua kuogelea aliye karibu na watu, 100 inafaa maji yaliyotulia kiasi, na 150 ndiyo ya mbali. Kwa ziwa letu tusishuke chini ya 100 kwa mtu asiyejua kuogelea, naye ndiye abiria wa kawaida.

Kisha bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikibaki imebonyea, imekwisha nguvu. Kinachoziua mapema ni kukaliwa kama mito ya viti na kuachwa juani mpaka kitambaa kinapauka na nyuzi zinakatika. Vuta mishono na ufunge vifungo mwenyewe mara mbili tatu. Mwisho, angalia yanakohifadhiwa: majaketi yaliyo ndani ya sanduku lenye kufuli hayamsaidii mtu. Watoto wavae kabla ya kukanyaga gati na wavue wakirudi kwenye gari.

Ukikosa saizi ya mtoto wa miaka 3, mwache kwa bibi yake siku hiyo. Usimfunge la mtu mzima kwa kamba.

*Rafiki zangu wanasema kichocho kipo ufuoni tu, ukiruka kutoka kwenye boti huku ukijikausha haraka kwa taulo hupati. Kweli?*
— Kijana wa Nyendo, Masaka

Nusu yake kweli, na nusu ya pili ndiyo inayowapeleka watu hospitalini.

Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hukaa maji ya kina kifupi, penye majani na mahali watu wanapooga na kujisaidia. Katikati ya ziwa, kwenye kina kirefu mbali na ufuo, hatari hupungua sana. Lakini boti haitii nanga katikati ya ziwa. Hutia nanga mita chache kutoka kisiwani ili watu wale, na hapo maji ni yaleyale ya ufuoni. Mchanga mweupe usio na majani ni nafuu, ila haukupi uhakika, maana vimelea huelea na kusukumwa na mawimbi, na huwa vingi kuanzia saa za adhuhuri, wakati uleule watu wanapoingia kuogelea.

Taulo si kinga. Kimelea hupenya ngozi kwa dakika chache. Kufika ulipoweka taulo kimekwisha kuingia. Jihadhari pia na bomba la kuogea la kwenye boti: kama linavuta maji ya ziwa moja kwa moja, unajimwagia kilekile. Maji yaliyokaa kwenye tangi siku 2 bila konokono ni salama kuogea, na vilevile yaliyopashwa moto hadi nyuzi 50 kwa dakika 5.

Ukiogelea, usikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa na haifanyi kazi vizuri kwa ile michanga, kwa hiyo nenda kituo cha afya wiki 6 hadi 8 baada ya safari. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 hupewa miligramu 2,400, ambazo ni vidonge 4 vya 600, na humezwa baada ya kula. Ukipata homa, vipele vya kuwasha na kikohozi wiki 2 hadi 8 baada ya kuogelea, mwambie mhudumu kwamba ulikuwa ziwani, la sivyo utatibiwa malaria tu.

Na mamba? Wapo sehemu kadhaa za visiwa, viboko pia. Waulize wavuvi wa pale, nao watakuonyesha kwa kidole. Penye matete usiingie.

*Je, nitatapika mbele ya wakwe?*
— Bwana harusi mtarajiwa, Mukono

Kunywa sinarizini miligramu 30 saa 2 kabla ya kuondoka, na miligramu 15 nyingine zikipita saa 8 tangu dozi hiyo, ikihitajika, mradi mfamasia akukubalie. Dawa hii husinzisha, hivyo usiichanganye na bia. Kula kitu chepesi asubuhi, mathalani mkate na chai ya tangawizi. Tumbo tupu ni baya kama lililojaa katogo. Kaa nyuma, karibu na katikati ya chombo, utazame mstari wa mbali wa maji. Ule wavu wa mbele unapendeza kwa picha, lakini ndipo panaporuka zaidi. Usitazame simu. Ikishindikana, upande upepo unakokwenda, bwana, si unakotoka.

*Tupike kwenye boti, tupike kisiwani, au tubebe vilivyopikwa? Tuko 12.*
— Mpishi, Bwaise

Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya boti hata nahodha akiruhusu: chombo cha faiba hushika moto haraka na petroli iko pembeni. Muchomo na samaki choma vifanyike ufukweni.

Beba sangara au ngege waliosafishwa, wakiwa wamefunikwa barafu juu na chini katika sanduku lao peke yao. Barafu ya vinywaji iwe sanduku jingine, kwa kuwa hilo hufunguliwa kila dakika na barafu yake huisha kabla ya adhuhuri. Gonja na chapati husafiri bila tabu. Kachumbari kateni palepale. Chakula kilichopikwa kisikae joto la nje zaidi ya saa 2. Matoke yaliyofungwa kwa majani yakiwa ya moto kweli yanastahimili zaidi kuliko pilau ya kuku iliyopoa. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, yaani lita 36, na msihesabu bia humo. Takataka zote zirudi Entebbe.

*Tunakwenda Unguja likizo ya Desemba na tumeahidiwa siku ya katamarani kwenye fungu la mchanga. Tofauti na ziwani ni nini?*
— Familia ya Ntinda

Kujaa na kupwa. Ziwa letu halina, na Mganda asiyezoea pwani hushangaa kuona bahari imehama. Mafungu kama Nakupenda, karibu na Mji Mkongwe, huonekana maji yakipwa na kumezwa maji yakijaa. Basi kabla ya kulipia tarehe, ulizeni saa ya maji kupwa siku hiyo. Mwandaaji wa kweli huijua bila kutafuta. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, fungu hutokea kubwa lakini maji hurudi kwa kasi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na fungu huenda lisitokee vizuri.

Desemba huwa kaskazi imeanza, kwa hiyo pwani ya kaskazini hupata mawimbi kuliko upande wa Menai, kusini-magharibi. Vaeni viatu vya maji, sababu ya urumba wa bahari (viumbe wenye miiba mikali) na matumbawe. Kichocho hakipo baharini. Msisahau pasipoti na kadi za homa ya manjano: chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, na ukichanja mara moja hudumu maisha.

*Je, tutavuka ikweta?*
— Mwanafunzi, Kisubi

Ndiyo, mkielekea Ngamba. Entebbe iko kaskazini kidogo ya mstari na kisiwa kiko kusini. Hakuna boya wala kibao majini, kwa hiyo fungua ramani ya simu inayoonyesha nyuzi za latitudo, usubiri sifuri. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

*Mvua ikinyesha siku yenyewe, pesa zetu zinarudi?*
— Katibu wa kikundi cha vijana, Kajjansi

Inategemea mlichoandikiana. Kubalianeni mapema kwamba nahodha akisema hakwendi, mnachagua tarehe nyingine au kurudishiwa pesa, na kwamba uamuzi utolewe saa 1 asubuhi kabla basi halijatoka Kampala. Wekeni pia kifungu cha kukatisha njiani: mkigeuza kabla ya kufika, mnarudishiwa kiasi gani? Bila kifungu hicho abiria humshinikiza nahodha aendelee kwa sababu wamelipa, naye huogopa kurudisha. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, ni misimu ya mvua, kwa hiyo hilo si jambo la kubahatisha, na utabiri wa ziwa wa wataalamu wa hali ya hewa wa Uganda usomeni usiku wa kuamkia safari na tena alfajiri.