Wasomaji Wanauliza: Albamu 17 za Iron Maiden, ipi juu na ipi chini?

Barua za toleo hili nyingi zinahusu jambo moja: kupanga albamu za studio za Iron Maiden, bendi ya metali nzito ya Uingereza, tangu ile ya kwanza ya 1980 hadi Senjutsu ya 2021. Tumechagua maswali sita.

SWALI: Tuko sita, na kila mmoja ameandika orodha yake ya albamu zote 17. Tukijaribu kuziunganisha tunaishia kugombana. Isitoshe, mwenzetu mmoja hajawahi kusikiliza zile mbili za Blaze Bayley, mwimbaji wa bendi kabla Bruce Dickinson hajarudi, ila ameziweka mkiani kwa sababu "kila mtu anasema ni mbaya". Tufanyeje?

Anzeni na huyo mwenzenu. Orodha yake isihesabiwe kwanza. Albamu mbili zikiwekwa mkiani kwa kusikia tu, haziumii peke yake. Kila albamu iliyostahili kuwa chini yao inapanda bila jasho. The X Factor ina dakika 71 na Virtual XI ina 53, yaani saa mbili na dakika chache. Azisikilize, kisha aandike upya.

Halafu kila mtu aandike orodha yake kimya, kabla ya mazungumzo yoyote. Mwenye sauti kubwa akisoma yake kwanza, zinazofuata zitaielekea bila wenyewe kujua. Wa kwanza apewe pointi 17, wa pili 16, mpaka wa mwisho apate 1. Jumlisheni. Kwa watu sita, albamu haiwezi kuzidi pointi 102.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaangalia jumla pekee. Albamu iliyopata 17, 17, 17, 3, 3, 3 ina pointi 60. Iliyopata 10 kwa watu wote sita nayo ina 60. Ya kwanza inapendwa na kuchukiwa vikali, ya pili haimsumbui mtu, na hata mkitafuta alama ya katikati badala ya jumla mtapata 10 kwa zote mbili. Kwa hiyo kando ya jumla andikeni pointi ya juu kabisa na ya chini kabisa. Pengo likiwa kubwa, hiyo ndiyo albamu ya kujadili jioni nzima. Zikifungana, msirushe sarafu: hesabuni ni wangapi kati yenu wameiweka moja juu ya nyingine. Wakigawanyika watatu kwa watatu, zishirikiane nafasi.

SWALI: Kwa nini The Number of the Beast huwekwa namba moja kila mahali? Ni mazoea tu?

Si mazoea tu, lakini watu wanachanganya mizani mbili: uzito wa albamu katika historia, na ubora wake kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa uzito, haina mpinzani. Ilitoka Machi 1982, ndiyo ya kwanza ya mwimbaji Bruce Dickinson, na ndiyo ya kwanza ya bendi hiyo kushika namba moja Uingereza. "Hallowed Be Thy Name", unaofunga albamu, ulionyesha jinsi wimbo mrefu wa mpiga besi Steve Harris unavyoweza kupanda ngazi kwa ngazi bila kuchosha. Msimsahau pia mpiga ngoma Clive Burr. Hii ndiyo albamu yake ya mwisho na bendi, na jinsi anavyoacha mapengo ndani ya mdundo hakuna aliyemrithi.

Kwa ubora wa albamu nzima, ina nyufa mbili. "Invaders" ni ufunguzi dhaifu, na kiitikio chake kinaruka kama cha watoto. "Gangland" ni dhaifu zaidi. Bendi ilikuwa na "Total Eclipse" mkononi, ikautuma upande wa nyuma wa singo (sahani ya wimbo mmoja mmoja) ya "Run to the Hills" na kuibakiza "Gangland" kwenye albamu. Fanyeni jaribio: wekeni "Total Eclipse" mahali pa "Gangland" na msikilize upande wa pili wote. Ni albamu nyingine kabisa. Ila katika kupanga, hukumuni ile iliyotoka 1982.

SWALI: Powerslave au Seventh Son of a Seventh Son? Kundi letu limegawanyika katikati.

Limegawanyika kwa haki. Powerslave (1984) ndiyo mara ya kwanza kwa bendi hii kurekodi albamu mbili mfululizo na watu walewale watano, na inasikika hivyo. Besi ya Harris na ngoma za Nicko McBrain zinakwenda ule mwendo wa farasi anayepiga shoti, wala hakuna anayemsubiri mwenzake. "Aces High" na "2 Minutes to Midnight" zinafungua. Wimbo wenye jina la albamu na "Rime of the Ancient Mariner", uliotokana na shairi la Samuel Taylor Coleridge, zinafunga. Huo wa mwisho unapita dakika 13, na uliendelea kuwa mrefu kuliko zote za bendi hadi 2015. Pale katikati kasi inapokatika, ikabaki besi na mbao za meli zinazolia, ndipo unapojulikana ujasiri wao: walikuwa tayari kunyamaza.

Tatizo ni tumbo la albamu. "Losfer Words" hauna maneno na haufiki mbali. "Flash of the Blade" na "The Duellists" zinafuatana, zote zikizungumzia mapigano ya panga, na hiyo ya pili inarefusha jambo lililokwisha semwa. "Back in the Village" una magita mazuri, kiitikio cha kawaida. Nyimbo nne za kilele, nne za bondeni.

Seventh Son (1988) haina kilele kirefu kama "Rime", lakini mabonde yake ni mafupi mno. Ina nyimbo nane kwa dakika 44. Kisa cha mtoto mwenye karama ya kuona yajayo kinashika nyimbo pamoja hata kwa asiyefuatilia maneno, na kipande kile cha gita tulivu kinachofungua "Moonchild" ndicho kinachorudi kufunga albamu. Nyimbo nne kati ya nane ziliingia kumi bora za Uingereza kama singo. Ukitafuta dhaifu utaitaja "The Prophecy", na hata huo mwisho wake wa gita tulivu unaukomboa.

Wapinzani husema vinanda vimeilainisha. Wasichanganye na Somewhere in Time ya 1986: kule sauti zile zilitoka kwenye magita yaliyounganishwa na sinthesaiza, na ndiyo maana zinang'aa juu ya kila kitu. Mwaka 1988 vinanda vinakaa nyuma, kama ukuta wa nyumba, na magita yanabaki na makali yake. Kwa kuwa albamu hupimwa kwa nyimbo zake dhaifu kuliko kwa zile bora, Seventh Son inatangulia. Kwa pua tu, lakini inatangulia.

SWALI: Je, miaka ya Blaze Bayley inaonewa?

Moja ya albamu zile mbili inaonewa. Kosa la wengi ni kumpima mwimbaji na kusahau kupima utunzi. Sauti ya Bayley ni nzito na ya chini, na jukwaani alilazimika kuimba nyimbo za zamani zilizotungwa kwa koo la Dickinson. Lawama nyingi zilizaliwa hapo. Tenganisheni mambo hayo mawili hivi: chukueni albamu ya jukwaani Rock in Rio, iliyorekodiwa Januari 2001, msikilize Dickinson akiimba "Sign of the Cross" na "The Clansman", kisha mrudi kwenye rekodi za awali. Utunzi unasimama imara.

The X Factor (1995) ina giza ambalo sauti ya Bayley inalifaa kweli. Kinachoiumiza ni urefu, na mazoea ya kuanza karibu kila wimbo kwa utangulizi wa taratibu. Virtual XI (1998) ni shauri jingine. "The Angel and the Gambler" unakaribia dakika kumi na unarudia mstari uleule zaidi ya mara 20, na hakuna mwimbaji ambaye angeuokoa.

SWALI: Albamu mpya ni ndefu sana. The Book of Souls ina dakika 92, Senjutsu 82. Tunazilinganishaje na albamu ya dakika 40?

Kwanza, msihesabu idadi ya nyimbo nzuri, maana ndefu itashinda kwa wingi. Hesabuni dakika mnazotamani kuruka, mgawanye kwa dakika zote. Pili, sikilizeni kwa mafungu. The Book of Souls na Senjutsu ni albamu za diski mbili. Pumzikeni kati ya diski ya kwanza na ya pili. Asiyepumzika anafika mwisho wa Senjutsu masikio yamechoka, na pale ndipo zinapokaa nyimbo tatu za Harris zinazojaza dakika 34 peke yake. "Hell on Earth" huumia kwa sababu hiyo, na ni wimbo mzuri mno.

Tatu, sawazisheni sauti. CD zilizotolewa upya 1998 zina sauti kubwa kuliko CD za awali, na sikio hudhani kikubwa ndicho bora. Tofauti ya desibeli moja au mbili inatosha kudanganya. Kinyume chake, A Matter of Life and Death ya 2006 Harris aliiacha bila ile hatua ya mwisho ya kung'arisha sauti. Tumieni programu ya simu inayopima desibeli, au washeni kisawazisha sauti cha huduma mnayosikilizia, mkikiweka kwa albamu nzima, si wimbo kwa wimbo.

SWALI: Orodha yenu wenyewe ikoje?

Seventh Son of a Seventh Son, Powerslave, Piece of Mind, The Number of the Beast, kisha Brave New World ya 2000, ambayo imeishinda Somewhere in Time, ya sita, kwa kuyapa magita matatu kazi tofauti badala ya kurundikana. Wanafuata Killers, Iron Maiden, A Matter of Life and Death, The Book of Souls, Senjutsu na Dance of Death. The X Factor ya 13, juu ya Fear of the Dark, ambayo ina wimbo mmoja mkubwa wenye jina lake na nyingi za kujazia kati ya 12. Kisha The Final Frontier na Virtual XI. Ya 17 ni No Prayer for the Dying (1990): waliitaka iwe mbichi, mpiga gita Adrian Smith akaondoka, na Dickinson akaimba kwa kukwaruza koo karibu mwanzo hadi mwisho. Na ndiyo iliyo na "Bring Your Daughter... to the Slaughter", singo yao pekee iliyofika namba moja Uingereza.