Canter za viazi kabla ya mvua za Machi

Ndugu, uliuliza uanzie wapi kuandaa Canter, yale malori madogo yanayoteremka na viazi kutoka Kabale, Uganda, kabla ya mvua. Mimi ningeanza na tairi, si injini. Kina cha milimita 1.6 cha mikato ya tairi kinaweza kukupitisha kwa trafiki, lakini kwenye murram, barabara ya udongo, iliyolowa ni kidogo mno. Kikishuka chini ya milimita 3, badilisha. Na tairi mpya zifunge nyuma, ndiko gari linakoteleza likiwa halina mzigo.

Pili ni breki. Mafuta yake hunyonya unyevu, kwa hiyo kama yamekaa miaka miwili, yamwage yote. Usikubali fundi akuongezee tu juu! Breki za dramu zikiingia maji hupoteza nguvu, basi dereva akishavuka dimbwi akanyage kidogokidogo mpaka zishike tena.

Waipa na taa za ukungu usiziache, asubuhi za Kabale unazijua. Turubai tazama matundu.

La mwisho mwambie dereva mwenyewe: injini ikizimika ndani ya maji, asipige stata. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, ukipiga stata konrodi, ile fimbo ya pistoni, hupinda. Avutwe kwanza.