Maswali yenu: 1x3 maana yake nini, rufaa, presha, mzee asiye na hela na ile fomu ya upasuaji

Jamani maswali yamekuwa mengi, leo nimechukua matano. Mi nimekaa dirisha la dawa miaka tisa kwa hiyo haya mengi nimeyaona kwa macho yangu, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni mtu kutoka chumba cha daktari hajaelewa chochote, kasema tu "asante daktari" akatoka, alafu anakuja kuniuliza mimi dirishani anaumwa nini na nyuma yake foleni imefika mlangoni.

Dada habari, kwenye kibahasha cha dawa wameandika 1x3 na kingine 2x2. Mume wangu kazidisha, anasema hiyo ya pili ni vidonge vinne kwa mpigo. Ni kweli?

Hapana, mwambie shemeji asizidishe kabisa! Namba ya kwanza ni vidonge vya kumeza kwa wakati mmoja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 2x2 ni viwili asubuhi na viwili usiku, basi. Ila wengi wanapokosea ni kwenye hiyo "siku", siku ya dawa ina masaa 24, haianzi na chai ikaishia na chakula cha usiku. 1x3 ni kila baada ya masaa 8, mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ukimeza ya mwisho saa 12 jioni ukalala, mpaka asubuhi mwili umekaa masaa 12 bila dawa, na kama ni antibayotiki wale bakteria wanapata upenyo.

Dawa mseto ya malaria, ile ALu, ndo inawachanganya zaidi. Mtu mzima wa kilo 35 kwenda juu anameza vinne, dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza hata kama ni usiku wa manane amka umeze, baada ya hapo asubuhi na usiku siku mbili zinazofuata, jumla vidonge 24. Meza na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo maana inaingia vizuri mwilini. Na homa ikikata siku ya pili usiweke vilivyobaki kabatini eti akiba. Kuna baba mmoja alimeza nusu, nusu nyingine akampa mwanae wa darasa la tano alipochemka, hata kumpima hakumpima, baada ya wiki walirudi wote wawili na mtoto alikuja kabebwa mgongoni. Sijamsahau yule mtoto. Kabla hujaondoka dirishani mrudilie aliyekupa dawa kwa mdomo wako mwenyewe, "hii naimeza hivi, hii hivi", akikuona unasumbua muache akuone hivyo hivyo.

Nilienda hospitali ya mkoa na kikohozi wakaniambia nianzie zahanati. Wamenidharau au?

Hawajakudharau mdogo wangu. Hapa Tanzania ngazi ziko hivi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, alafu taifa kama Muhimbili. Kikohozi cha siku tatu zahanati wanakiweza, kikifika wiki mbili au unakohoa damu waambie wakupime TB, na matibabu ya TB ni bure. Wakishindwa wanakuandikia rufaa, hiyo karatasi itunze, na kama unatumia bima unaweza kukwama bila hiyo. Dharura ni kitu kingine, mtu kapata ajali, anatokwa damu nyingi, degedege, anashindwa kupumua, huyo mpeleke popote palipo karibu, rufaa watajuana wao.

Presha yangu ilikuwa 170 kwa 100, nimemeza dawa mwezi sa hivi ni 128 kwa 80. Nimepona, niache?

Usiache! Imeshuka kwa sababu ya dawa, ukiacha inapanda tena na presha haiumi, unaweza ukawa nayo juu ukaenda shamba vizuri tu, siku moja mkono na mdomo vinapinda upande. Kama dawa inakukoholesha au inakuchosha rudi useme, zipo za kubadilisha.

Shikamoo. Bibi yangu ana miaka 71, hana mtu wa kumlipia, wanamwambia akalipie vipimo.

Marahaba mwanangu. Sera ya nchi yetu inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wanatibiwa kwa msamaha, pia wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au kijiji muombe barua ya kumtambulisha, alafu hospitali usikae na kubishana na wa dirisha la malipo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, wale ndo kazi yao. Kama dawa hakuna, omba cheti kiandikwe jina la dawa yenyewe sio jina la kampuni, famasi utapata ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile.

Mama yangu alipewa fomu ya upasuaji asaini, akasaini bila kujua wanatoa nini. Tungefanyaje?

Hii imenigusa, hata mimi nilishasaini hivyo hivyo kwa uoga. Ile fomu inasema umeelezwa ukakubali, kwa hiyo kama hujaelezwa usisaini kwanza. Muulizeni daktari kwa lugha ya nyumbani: mnatoa nini, kwa nini, kuna njia nyingine, tukisubiri itakuwaje, atalazwa usingizi au ni sindano ya mgongo, nini kinaweza kwenda vibaya. Ingia na mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia maana mgonjwa akisikia "kisu" hasikii tena kingine. Na kwa kuwa mama alishafanyiwa, rudini kliniki mkaombe muelezwe nini kilitolewa, na kama nyama ilipelekwa kupimwa ulizeni majibu yametoka lini, mengine huwa yanakaa faili bila mtu kuyafuata. Mkipewa yapigeni picha kwa simu, karatasi hulowa.