Kapu la Krismasi saluni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina saluni hapa Majengo, Moshi. Nina wasusi wanne, na kinyozi mmoja kwenye chumba cha pembeni. Desemba huwa hatupumui, maana watu wa Dar wakishapanda huku kuhesabiwa, yaani kula sikukuu nyumbani kwao, kila mmoja anataka kichwa kipya kabla ya Krismasi. Mwaka huu nataka niweke kapu, wateja watoe chochote kwa ajili ya watoto yatima na wajane wa mtaani kwetu. Msusi mmoja ananishauri kila anayeleta kitu nimpunguzie bei. Mwingine anasema watu wataona natafuta jina. Mimi naogopa kubaki na rundo la nguo zilizochanika. Nianzie wapi?
Mwenye saluni, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wa kusema watasema hata usipotoa kitu, hilo tuliache.

Kapu lisubiri kwanza. Nenda kwa mtendaji wa mtaa umweleze unachangisha nini na mpaka lini, kisha umwone afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na huyo ndiye wa kukwambia yapi yanayo. Ukishaelekezwa, nenda mwenyewe ukazungumze na mlezi. Simu haitoshi, stoo huioni kwenye simu. Tarehe 25 kila mtu anapeleka mchele, soda na biskuti. Januari shule zinafunguliwa, madaftari hakuna, viatu vyeusi vimebana, sabuni imeisha, na wahisani wamesharudi Dar.

Kwa hiyo andika mahitaji ya Januari, kwa herufi kubwa, ubandike kwenye kioo ambako mteja anakodolea macho saa nne nzima akisukwa. Weka taulo za kike juu kabisa. Dukani mtu huona aibu kuzitaja mbele ya wanaume, lakini saluni yako imejaa wanawake, na hakuna asiyejua binti wa darasa la sita anahitaji nini. Kwenye nguo andika: "Leta ile ambayo ungempa mdogo wako." Iliyochanika mrudishie mwenyewe, kwa tabasamu. Mitumba ya kuchambua tunayo ya kutosha kwenye soko la Memorial.

Punguzo usitoe. Desemba ndiyo inayokulipia pango Januari, wakati kila mtu hana kitu na nywele zinafungwa kitambaa. Kama unataka mkono wako uonekane, tangaza kwamba kila kichwa kinachosukwa unatoa shilingi 1,000 mwenyewe, na uzitoe kweli.

Fedha ndipo wengi wanapoharibu. Isiingie hata shilingi moja kwenye droo ya saluni, na usipokee mchango kwa namba ileile unayolipiwa misuko. Weka daftari kaunta: tarehe, kitu, kiasi. Jina aandike anayetaka. Jioni mhesabu wawili, wewe na msusi mmoja, mtie saini. Siku ya kupeleka, mlezi akupe risiti, nayo ibandike pale pale kwenye kioo. Piga picha ya risiti na ya mizigo. Watoto usiwapange mbele ya bango la saluni yako wakiwa wameshika pakiti za sukari. Wana wenzao shuleni watakaoiona hiyo picha.

Wajane je? Hao usiwaite saluni kupanga foleni. Mwombe mjumbe, au wazee wa jumuiya na wa msikitini, wakutajie nyumba tano au sita, si zaidi. Funga mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni ya mche, upeleke jioni, na ukikaribishwa chai, kaa unywe.

Kuna kitu kingine ambacho hujakitaja, nacho kwangu kinashinda kapu lote. Shule nyingi za serikali zinataka nywele fupi, wavulana kwa wasichana. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mpeleke kinyozi wako makaoni na mashine mbili na spiriti ya kusafishia, awanyoe watoto wote. Muulize mlezi kama umeme upo siku hiyo. Na kinyozi mlipe siku yake kama kawaida, maana sadaka umeamua kutoa wewe.