Usifunge propela ya 11x6 mahali pa 10x6 bila kupima

Mkuu, umeuliza kama mota ya ndege yako ndogo ya umeme, inayotumia propela ya 10x6, unaweza kuifungia 11x6. Hapana, usiifungie kabla hujapima ampea (kiasi cha umeme ambao mota inavuta). Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyozama kwenye ubao laini (hewani inateleza, kwa hiyo hupati zote). Inchi moja ya kipenyo inaonekana kidogo, ila kwa mizunguko ileile mzigo wa mota hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo: 11 kwa 10 ni 1.1, na 1.1 x 1.1 x 1.1 x 1.1 ni kama 1.46, yaani karibu asilimia 46 zaidi. Nimewahi kuunguza kidhibiti cha mota kwa kosa hilohilo. Kilianza kunuka plastiki ndege haijaacha hata nyasi. Ukitaka kipenyo kikubwa, shusha namba ya pili, mfano 11x4.7, na hata hapo mzigo bado unazidi kidogo, kwa hiyo funga mita ya ampea na upime mota ikiwa mwendo wa mwisho.

Propela iliyoandikwa 1045 karibu na tundu la katikati ni 10x4.5.