Usiandike kwamba seli T "inamwaga" msaada kwa seli B

Mkuu wa Kigoma, futa hiyo aya ya pili kabla hujaikabidhi. Umeuliza seli T saidizi (seli nyeupe za damu zinazozipa seli nyingine za kinga ishara) zinakomaaje na zinasaidiaje seli B (zile zinazotengeneza kingamwili, protini zinazokamata vijidudu), halafu ukabandika jibu lako: "seli T ikiona bakteria inamwaga saitokini, seli B zilizo karibu zinaanza kutoa kingamwili." Saitokini ni protini za ishara kati ya seli, lakini hapo ndipo alama zinapoishia.

Seli T haioni bakteria. Inaona kipande kifupi cha protini kilichoshikiliwa na MHC daraja la II (MHC II, protini ya kuonyeshea vipande) juu ya seli nyingine. Seli B ndiyo inayokamata antijeni (kitu kigeni kinachoamsha kinga) nzima kwa kipokezi chake, inaimeza, inaikatakata, kisha inapandisha vipande juu. Seli T iliyokwisha kuamshwa na seli ya dendriti (seli ya kinga inayobeba vipande na kuvionyesha) inakutana nayo pembezoni mwa folikuli (kijumba cha seli B), ndani ya tezi ya limfu, na inakagua. Ikikitambua kipande, CD40L, protini iliyo juu yake, inashika CD40 ya seli B, na saitokini IL-21 na IL-4 zinaelekezwa palepale zilipogusana. Seli B ya jirani isiyo na kipande hicho haipati kitu.

Angalia chanjo ya Penta anayochomwa mtoto pajani akiwa na wiki 6, 10 na 14, iwe Ujiji au Urambo. Ndani yake mna chanjo ya Hib, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Ganda la bakteria huyu ni sukari, na sukari tupu haipandi kwenye MHC II. Mtoto wa chini ya miaka 2 ukimpa sukari peke yake, kinga inakuwa hafifu na haiachi kumbukumbu. Kwa hiyo watengenezaji wanaiunganisha kikemia na protini, mara nyingi ile ya pepopunda iliyoondolewa sumu. Seli B inakamata sukari, inameza mzigo wote, inaonyesha kipande cha protini. Seli T inayoijua protini inaisaidia seli B inayoijua sukari. Seli hizo mbili zinaona sehemu mbili tofauti za kitu kimoja! Ukichanganya tu sukari na protini kwenye kichupa bila kuziunganisha, chanjo haifanyi kazi ipasavyo, maana seli B iliyoshika sukari haina cha kuonyesha. Kama msaada ungekuwa wa kumwagwa, mchanganyiko huo ungetosha.

Na mtoto wa kiume aliyezaliwa na kasoro ya jeni ya CD40L, kwenye kromosomu X? Kingamwili zake za aina ya IgM ziko kawaida au juu, za IgG na IgA ziko chini mno. Seli T anazo, mguso wa CD40L na CD40 ndio haupo.

Kinachoniudhi ni zile notisi za fotokopi zinazozunguka vyuoni Tabora hadi huko kwenu, zinazong'ang'ania kuwa Th2, kundi moja la seli T saidizi, ndiyo msaidizi wa seli B. Mgawanyo wa Th1 na Th2 ni wa 1986. Seli T za folikuli, zenye CXCR5 (kipokezi kinachoziongoza kuingia kwenye folikuli), zilielezwa 2000 na 2001, na 2009 Bcl6, protini inayodhibiti jeni, ikajulikana kuwa ndiyo inayoziongoza. Mwanafunzi analipia kurasa hizo kwa hela ya nauli, anafelishwa nazo. Inauma.

Kukomaa: uboho (ndani ya mifupa), kisha thaimasi (tezi ya kifuani), hatua ya kuwa na CD4 na CD8 (protini mbili za juu ya seli) pamoja, seli inayoshika MHC II inabaki na CD4, inayong'ang'ania protini za mwili inauawa. Basi.

Kwenye mchoro, kila mshale uandikie nani anamwonyesha nani kipande gani. Seli mbili ziguse. Nukta za saitokini zinazoelea katikati ya karatasi, zifute.