Mkoko, mchu na mkomafi si ukoo mmoja

Dada umeuliza kama mikoko yote ya pale Mikindani ni ukoo mmoja, hapana aisee, sio kabisa. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, kinasaba uko karibu zaidi na mhogo, mchu uko karibu na ufuta, halafu mkomafi ndo utashangaa, uko kundi moja na mkorosho na mwembe, na mwarobaini ni familia yake kabisa! Yani mababu tofauti walishuka majini kila mmoja kwa wakati wake, ila tope na chumvi vikawabana vilevile ndo maana leo wanafanana maisha. Ila chumvi kila mmoja anaihandle kivyake, maji yakikupwa nenda kalambe jani la mchu utakuta chumvi imeganda juu kabisa, mti umeitoa wenyewe, mkoko huoni hiyo kitu kwa sababu unaichuja huku chini kwenye mizizi. Na mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwa mama, ile kitu ndefu ya kijani kama fimbo, ikidondoka kwenye tope ni mche tayari. Sasa ukikata mchu ukapanda mkoko hujarudisha kitu kilekile hata kidogo.